Sanduku Lililolia Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku jipya la mbao, limepakwa rangi ya samawati ikapendeza, nikaambiwa nilitupe sakafuni. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya soko la Migori, chumba kirefu chenye mabati yaliyolia kwa joto kila mchana, na Mkuu wa Karakana alikuwa amesimama mbele yangu mikono kiunoni, miwani imeteremka hadi ncha ya pua.

"Tupa," alisema.

"Litavunjika, Mzee."

"Kama ni la kuvunjika, livunjike hapa mbele yangu. Tupa, nyar Uriri. Ama ulikuja hapa kubembeleza mbao?" Aliniita hivyo, binti wa Uriri, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa.

Nikalitupa. Liligonga saruji, likabingirika, likatulia chini ya meza. Mzee akaliokota, akagusisha nyaya zake mbili, na taa ndogo ikawaka. Akaliweka kwenye kiti na kulikalia, naye hakuwa mtu mwembamba. Kisha akachukua kikombe chake cha uji na kulimwagia wote uliobaki. Akagusisha nyaya tena, taa ikawaka.

"Hilo sasa ni sanduku," alisema, akijipangusa vidole. "Usiwahi kuniletea kitu kinachowaka tu. Hata kiberiti kinawaka. Niletee kitu kimeanguka, kimekaliwa, kimenyonywa, kimekunywa uji, na bado kinawaka."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuunda vifaa vya umeme vya kuchezea na kujifunzia watoto wa chekechea. Nilikuwa nimetoka Rongo, ambako nilitengeneza redio kwenye kibanda kando ya barabara, na nilifikiri nimekuja kupumzika. Nani angeogopa vitu vya watoto? Sikujua kwamba watoto hawatanisumbua hata siku moja. Walionisumbua ni watu wazima, na walinisumbua mpaka nilipostaafu.

Nieleze kwanza sanduku lenyewe, maana ninyi vijana mmezoea vioo vya kutelezesha kidole. Juu ya sanduku kulikuwa na safu mbili za picha. Upande mmoja samaki wa ziwani, ngege, mbuta na omena, kisha kuku na ng'ombe. Upande wa pili mtumbwi, kiota, zizi na kadhalika. Chini ya kila picha kulikuwa na skrubu ya shaba iliyotokeza kichwa. Mtoto alishika nyaya mbili, moja akagusa kuku, nyingine akatafuta mahali kuku anapolala. Akipatia, saketi inakamilika, yaani umeme unapata njia ya kuzunguka na kurudi ulikotoka. Taa inawaka na buza inalia, kile kidude kidogo cha sauti mnachokisikia kwenye saa za mezani. Akikosea, hakuna kitu. Hakuna kiboko, hakuna kuchekwa. Anajaribu tena mwenyewe. Uzuri wote wa sanduku ulikuwa hapo, kwamba mtoto anakosea bila mtu kumkemea.

Ndani yake kulikuwa na kazi ambayo macho hayaioni. Kila waya tuliupiga fundo kabla ya kuutoa nje ya tundu, kwa sababu mtoto huvuta, na akivuta, fundo ndilo linaloshikilia wala si kile kiungo tulicholehemu. Mfuniko wa betri ulifungwa kwa skrubu, kwa sababu mtoto humeza. Kila pembe ilipigwa msasa mpaka ipite shavuni bila kukwaruza. Mzee alijaribu kwa shavu lake mwenyewe. Tena alikuwa na uadui mkubwa na kile tunachokiita kiungo baridi. Hicho ni kiungo ambacho risasi yake ya kulehemu imeyeyuka juu juu bila kushika waya, kinaonekana kizima ila ukitikisa, taa inapepesa. Alikuwa akitikisa kila sanduku karibu na sikio. Likipepesa analirudisha mezani kwangu nilifungue upya.

Matatizo ya kwanza yalitoka Osiri, kwa wachimba dhahabu. Tulipeleka masanduku shule moja ya huko, na kabla muhula haujakolea tukaambiwa yamekufa. Nilienda nikiwa nimejaa maneno. Nilipofungua mfuniko, mawe ya redio, yaani zile betri kubwa, hayakuwemo hata moja. Mnaweza kufikiri walitaka zile skrubu za shaba kwa jinsi zilivyong'aa. La. Watu wa Osiri wanaijua dhahabu kuliko mimi na ninyi, shaba yangu hawakuigeuzia hata jicho. Walitaka mawe ya tochi.

Mwenyekiti wa wazazi, baba mwenye udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, hakukana. "Madam, mtoto anacheza mchana, jua liko," alisema. "Mimi nateremka shimoni, ndani ni giza tupu. Sasa kati yetu wawili nani anahitaji hiyo betri?"

Nilirudi Migori nimenuna njia nzima. Mzee alinisikiliza, akacheka hadi akakohoa, kisha akaniambia nitafute betri ambazo haziingii kwenye tochi. Tukaanza kutumia betri za simu kuukuu, na juu ya mfuniko tukabandika kipande cha sola. Masanduku ya Osiri hayakufa tena. Lakini ya kule ziwani, yaliyokuwa yametangulia kusambazwa, yalibaki na mawe yake ya redio, na hilo mlikumbuke.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay, katika ofisi ya Mratibu wa Mradi, aliyesimamia kaunti zote mbili, Migori na Homa Bay. Alikuwa mama nadhifu, aliyesoma vizuri na kufanya kazi kwa bidii, sina la kumsingizia. Ila alikuwa na imani moja iliyotaka kuniua: kwamba kifaa kizuri ni kile kinachobaki kizuri. Shule ikirudisha sanduku lililochakaa, mwalimu mkuu alitakiwa aandike kujieleza. Shule ikionyesha sanduku linalong'aa, ilipigiwa makofi mkutanoni.

Wapeni walimu wakuu wa ufuo wote wa ziwa amri kama hiyo, muone! Nilizunguka kutoka Mbita hadi Sindo nikitafuta masanduku yangu, na kila mahali nilionyeshwa kitu kilekile. Mwalimu mkuu anachomoa funguo, anafungua kabati la ofisi, na pale ndani, kati ya kombe la mpira wa miguu na picha ya mashindano ya kwaya, limekaa sanduku langu. Limo kwenye nailoni yake. Juu yake limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama redio ya nyumbani kwa bibi harusi. Nilipouliza watoto wanalitumia lini, nilitazamwa kama niliyeuliza ng'ombe wanaingizwa sebuleni lini.

"Madam, hii kitu ni ya maana," mmoja aliniambia kwa upole. "Ukipea hawa watoto, wataimaliza."

"Ndiyo, wataimaliza. Ndiyo kazi yake!"

"Sasa nikiletewa wageni nitawaonyesha nini?"

Fikirini. Nimekalia masanduku, nimeyamwagia uji, nimeyatupa sakafuni mpaka majirani wa karakana wakadhani tunapigana, ili yaweze kuishi na watoto. Kumbe yanaenda kuishi na makombe. Nilimwambia Mratibu: "Madam, masanduku haya tumeyajenga yachakae." Alivua miwani akanitazama kwa huruma. "Fundi, nani hujenga kitu ili kichakae?" Nikamjibu kwamba hata viatu vya shule hujengwa hivyo. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Kisha ikaja habari kwamba wale waliogharamia mradi watatuma wageni wawili. Wageni waone kama watoto wanajifunza kwa masanduku, na wasiporidhika, karakana ya Migori ifungwe na watu wake waende nyumbani. Nilijua maana yake. Mzee alikuwa bado pale na miwani yake puani, na mafundi niliowafunza mimi mwenyewe, na meza ile iliyojaa alama za chuma cha moto. Kila nilichokuwa nimefanya maishani kilikuwa kwenye chumba kile cha mabati. Mratibu alichagua shule moja ya Karungu, kwa sababu ndiyo iliyosifika kwa utunzaji.

Tulifika asubuhi kwa barabara ya Sindo. Ufuoni wanawake walikuwa wameanika omena kwenye nyavu na harufu ilitufuata hadi darasani. Mwalimu Mkuu wa Karungu, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu, alilibeba sanduku mwenyewe mikononi, kitambaa na vyote, akaliweka mezani. Akafunua kitambaa. Akaondoa nailoni. Watoto wakashangilia kidogo, kwa sababu walikuwa hawajawahi kuliona bila nailoni.

Mgeni mmoja, mama mwenye uso wa ukarimu, akamwita msichana mdogo wa mbele. Jina lake Adhiambo. "Njoo utuonyeshe unavyocheza nalo."

Adhiambo alikuja, akasimama wima mbele ya meza, akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Akasema kwa sauti ya kukariri: "Hii ni sanduku ya umeme. Hatugusi."

"Unaweza kugusa, mama. Gusa," mgeni alisema.

Mtoto akamtazama Mwalimu Mkuu. Akatazama sanduku. Mikono haikutoka mgongoni. Mwalimu Akoth, aliyekuwa mwalimu wake wa chekechea, alimwambia kwa Kijaluo, taratibu, kwamba leo ameruhusiwa. Adhiambo akaanza kulia.

Ilibidi niende mimi. Nilishika nyaya, nikagusa kuku, nikagusa kiota. Hakuna taa. Nikagusa tena. Nikafungua mfuniko wa betri na nikaona nilichokuwa nikikiogopa: mawe ya redio yalikuwa yametapika, yametoa ule unga mweupe wenye majimaji, na vibati vyote vimeliwa na kutu. Sanduku lililohimili makalio ya Mzee lilikuwa limeuawa na kabati. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na kwa muda sikuweza kutenganisha ipi ni ipi. Lakini kilichoniumiza zaidi ni ile mikono midogo nyuma ya mgongo. Tulikuwa tumemletea mtoto yule kitu kizuri ili tumfundishe kukiogopa.

Wageni hawakuwa wakali. Walisema watarudi mwisho wa muhula unaofuata, na wasipoona watoto wakitumia masanduku, basi uamuzi utakuwa rahisi. Ndani ya gari, tulipopita Sindo, Mratibu akasema, "Fundi, nilidhani wanayatumia halafu wanayatunza." Nikamwambia hayo mawili hayakai kabati moja. Kesho yake alifuta ile amri ya kujieleza, na hilo nampa heshima yake. Lakini kufuta amri si kufungua kabati. Walimu wakuu walipokea habari, wakashukuru, wakageuza funguo.

Nikapanda gari kwenda Migori kwa Mzee. Alikuwa ameshazeeka, ila bado anawatikisia wengine masanduku sikioni. Nilimwaga yote. Alikuna kidevu.

"Tulijenga kitu kinachoweza kumvumilia mtoto," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa jenga kitu ambacho mwalimu mkuu hawezi kukivumilia."

Nilimtazama nikidhani ni uzee. Kisha nikaelewa, na nikacheka peke yangu kwenye meza ile mpaka mafundi wakaacha kulehemu.

Wakati huo tulikuwa tumeanza kutumia chipu ndogo zinazoweza kuhesabu muda. Nikaweka moja ndani ya sanduku jipya, nikaiunga na buza, na kuiamuru hivi: kama kuanzia asubuhi hakuna aliyekugusa, anza kulia. Si kwa nguvu. Sauti nyembamba, ya kukatika katika, ile ya onjiri, yule nyenje anayeingia nyumbani na kujificha mahali usipomwona. Lia, nyamaza kidogo, lia tena. Usinyamaze kabisa mpaka mtu apatie picha kadhaa. Betri ya simu iliweza kulisha sauti hiyo wiki na wiki bila kuona jua. Mzee alilisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Hii ni dhambi," akatabasamu. Nikaipelekea shule ya Karungu sanduku jipya mahali pa lile lililokufa, nikaeleza namna ya kulitumia, na Mwalimu Mkuu akaitikia kila neno. Kisha akalifungia.

Simu haikukawia.

"Madam Fundi, habari ya huko. Samahani, ofisi yangu imeingia mdudu."

"Mdudu gani, Mwalimu?"

"Onjiri. Lakini huyu si wa kawaida. Tumetoa mafaili yote nje. Watchman amepiga dawa mpaka mimi mwenyewe nimekohoa. Ananyamaza kidogo, nikianza tu kuandika, anaanza. Sasa jana alilia mbele ya chifu!"

Niliweka simu mbali na mdomo ili asisikie ninavyocheka. Nilipoweza kuongea nikamwambia ni sanduku.

"Sanduku? Limeharibika?"

"Liko zima kabisa. Linataka kuguswa."

"Na mimi nikiligusa?"

"Litanyamaza leo. Kesho litalia tena. Kila siku ya shule, Mwalimu, mpaka utakapostaafu."

Niliwasikia kwa mbali yeye na watchman wakijadiliana kwa Kijaluo. Baadaye Mwalimu Akoth alinisimulia kilichofuata. Kwa siku kadhaa Mwalimu Mkuu alilifungua kabati kila asubuhi, akaligusa haraka haraka na nyaya zake, akalifunga tena, kama mtu anayemlisha mbwa asiyempenda. Kisha akachoka. Akalibeba hadi darasa la chekechea, akaliweka juu ya mkeka, akasema, "Mwalimu, kaa na hii kitu hapa mpaka ipone." Halikurudi ofisini tena.

Wageni walirudi walivyoahidi. Mimi nilikaa mlangoni. Safari hii hakuna aliyebeba kitu kwa mikono miwili. Sanduku lilikuwa sakafuni katikati ya watoto, nailoni haipo, rangi imeanza kubanduka, picha ya mbuta imechanika mkia. Watoto walikuwa wamelikusanyikia, wanasukumana, wanabishana kwa lugha tatu kama ng'ombe alale zizini au pale kwa omena. Yule mama mgeni akachuchumaa, akanyoosha mkono achukue waya ajaribu. Mkono mdogo ukamshika kiganja.

"Wewe ngoja," Adhiambo alimwambia. "Si zamu yako."

Mgeni akangoja. Karakana haikufungwa.

Msidhani baada ya hapo kazi ilinyooka. Tulitia sauti ya onjiri kwenye kila sanduku, na watu wazima wakazidi kunionyesha akili zao. Shule moja ililizungushia sanduku blanketi. Nyingine ilimkabidhi mpishi, likawa linalia jikoni kati ya sufuria za githeri. Nyingine ililazimisha darasa la nane lilizime kila asubuhi kabla ya gwaride. Niliandika maelekezo upya, nikachora picha, nikapiga simu hadi sauti ikakauka. Hadi leo sielewi kwa nini mtu mzima, akipewa kitu cha mtoto, jambo la kwanza analotafuta ni kufuli.

Nilistaafu nikarudi Rongo, nikajenga kibaraza, nikaapa sitashika tena chuma cha kulehemu. Mzee alikuwa ameshatutoka. Wanafunzi wa chuo kikuu hupita mara kwa mara kuniuliza siri ya kuunda vifaa vya watoto, wanakuja na michoro mizuri ya kompyuta, kona zote zimenyooka. Nawaambia kitu chenyewe wakitupe chini kwanza. Wengine hawarudi.

Juzi gari dogo lilisimama langoni. Alishuka Mwalimu Mkuu wa Karungu, bado ndani ya suti ya kijivu, ingawa sasa inamvaa yeye badala ya yeye kuivaa. Alikuwa na beseni ya plastiki, na ndani ya beseni kulikuwa na sanduku. Hata mimi niliyelijenga nilichelewa kulitambua. Rangi ilikuwa imekwisha. Mfuniko umefungwa kwa kamba ya wavu wa samaki. Skrubu zilikuwa zimesuguliwa hadi zikawa bapa, na mahali pa kuku palikuwa na shimo tu, shimo laini lililochimbwa na vidole. Nyaya zilikuwa zimekatika. Lakini mafundo ndani yalikuwa bado yameshika.

Alisimama kibarazani ameinamisha kichwa. "Nyar Uriri, nimekuja mwenyewe, sikutaka kutuma mtu. Limekufa kabisa. Nimejaribu mafundi wote wa Karungu. Nisamehe."

"Nani amelimaliza?"

"Watoto. Darasa baada ya darasa. Sikuweza kuwazuia."

Nilikaa chini, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka kuyamwaga nimesimama. Nililichukua, nikalipakata. Nikapitisha kidole kwenye lile shimo la kuku.

"Utaweza kulitengeneza?" aliuliza. "Watoto wananisumbua kila siku, wanataka lao."

"Nenda karakana Migori ukachukue jipya. Hili halitengenezwi."

Nikaingia nalo ndani, nikafungua kabati la vyombo, nikasogeza vikombe vya wageni, nikaliweka pale katikati. Nikatafuta kitambaa cha kufuma chenye maua, nikalifunika. Halafu nikafunga kabati kwa ufunguo.